Taa za kuinuka za Corvette ya zamani: utengeneze vakyumu, uweke mota, au uzifunge juu?

Mwenye Corvette, lile gari la michezo la Kimarekani, ya kati ya 1968 na 1982 hapa Lubumbashi hawezi kukwepa jioni ya namna hii: anavuta swichi ya taa, ya kushoto inainuka vizuri, ya kulia inapanda kidogo, inasita, inalala tena. Fundi anafungua boneti, anaikuta ile mipira myembamba ya kupitisha hewa iliyopita huku na huku, anatikisa kichwa. «Papa, tutoshe hii yote, tutie motere.»

Ushauri huo si mbaya, ila unatolewa mapema mno. Njia ziko nne: kurudisha vakyumu (mvuto wa hewa wa injini unaoinua taa) katika hali yake, kuiongezea pampu ya umeme, kuing'oa na kuweka mota, au kuzifunga taa zikiwa juu. Msimamo wangu nautoa sasa hivi: kama injini haijabadilishwa ndani, kutengeneza vakyumu ndiyo njia bora kwa mji wetu. Mota ina watu wake, nao nitawataja. Lakini hakuna anayeweza kuchagua vizuri kabla hajajua ugonjwa uko wapi, kwa hiyo tuanzie hapo.

Nguvu inatoka wapi

Injini ya petroli ikinguruma bila kukanyagwa, kipepeo cha kabureta kinakuwa karibu kimefungwa. Pistoni zinavuta hewa, hewa haiingii ya kutosha, na ndani ya manifoldi, yaani njia za kuingizia hewa kwenye injini, kunabaki mvuto mkali. Mvuto huo unapita kwenye valvu ya njia moja, unawekwa akiba kwenye tangi, kisha unafika mbele kwenye makopo mawili ya chuma, moja kwa kila upande. Ndani ya kila kopo kuna ngozi ya mpira inayoligawa pande mbili. Hewa ikinyonywa upande mmoja, fimbo inasukuma taa juu. Ikinyonywa upande mwingine, taa inalala.

Anayeamua upande gani unyonywe ni rele ya vakyumu, nayo ipo moja kwa kila taa. Rele inapokea amri kwa mpira mwembamba kutoka kwenye swichi ya dashibodi. Taa zikiwa zimezimwa, mpira huo una mvuto, na mvuto huo unaishikilia rele kwenye nafasi ya kulaza. Ukivuta swichi, hewa ya nje inaingia kwenye mpira mwembamba, springi ya rele inarudi, taa inapanda. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa sababu linageuza fikra za mafundi wengi: mpira mwembamba ukitoboka, taa haikatai kuinuka. Inakataa kulala, au inainuka yenyewe gari likiwa limeegeshwa.

Si Corvette peke yake. Lotus Elan ya Uingereza, iliyotengenezwa 1962 hadi 1973, inainua taa zake kwa vakyumu pia, na tangi lake la akiba ni sehemu ya mbele ya chesisi yenyewe. Chuma hicho kikipata kutu hadi kutoboka, hakuna mpira wa kubadilisha utakaosaidia. Mwenye Elan aanze uchunguzi wake kwenye chesisi.

Kutafuta uvujaji kabla ya kutoa pesa

Kifaa kimoja tu kinahitajika: pampu ya mkono ya vakyumu yenye geji. Nunua hiyo kabla ya kitu kingine chochote, hata kama umeshaamua kuweka mota, maana itakuhudumia kwenye servo ya breki (kopo linalopunguza uzito wa breki) na kwenye kabureta pia.

Anza kwenye manifoldi, injini ikiwa imepata moto na haijakanyagwa. Vitabu vya kiwanda vimeandikwa kwa ajili ya watu wa usawa wa bahari, na vinataka injini nzima isome kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, ndicho kipimo cha mvuto kwenye geji. Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi zaidi, na kila mita 300 za kupanda zinaondoa takriban inchi moja kwenye geji. Kwa hiyo hapa inchi 13 hadi 17 ni afya njema. Fundi asiyelijua hili anaweza kufungua injini nzima kutafuta ugonjwa ambao haupo. Ukipata chini ya 12, au sindano inacheza-cheza, acha taa kwanza ushughulikie injini: valvu, taimingi au gasketi ya manifoldi.

Geji ikikubali, bana kwa koleo laini mpira unaotoka manifoldi kwenda kwenye taa. Sikiliza. Mlio wa injini ukibadilika, maana yake injini ilikuwa inanyonya hewa kupitia mfumo wa taa, na uvujaji ni mkubwa. Usipobadilika, uvujaji ni mdogo au tatizo ni uzito wa viungo vya taa wenyewe.

Sasa zima injini, subiri kidogo, kisha vuta swichi. Tangi zima lenye valvu nzima linatosha kuinua taa bila injini. Zikikataa zote mbili mara tu baada ya kuzima, mtuhumiwa wa kwanza ni valvu ya njia moja. Itoe, pulizia kwa mdomo kila upande. Ikipitisha pande zote mbili, umemaliza kazi kwa bei ya chakula cha mchana.

Taa zote mbili zikiwa nzito kwa pamoja, tafuta kwenye vitu zinavyoshirikiana: chujio, valvu, tangi, swichi. Ikiwa ni moja tu, tafuta upande wake. Hapo kuna jaribio ninalolipenda kuliko yote kwa sababu halihitaji hata geji. Chomoa mpira mwembamba unaoingia kwenye rele ya upande mbovu, injini ikiwa inanguruma. Taa inatakiwa kuinuka. Ikiinuka kwa kasi, kopo ni zima na rele ni nzima, na ugonjwa uko nyuma, kwenye swichi au kwenye kile kivutio cha dharura kilichopo chini ya dashibodi, ambacho wengi hawajui hata kama kipo. Kivutio hicho kiliwekwa ili taa ziweze kuinuliwa bila kuwashwa, kwa kazi ya kufuta au kubadilisha balbu, na mipira yake huchomoka kwa goti la dereva.

Isipoinuka, unganisha pampu ya mkono moja kwa moja kwenye kopo. Vuta hadi inchi 15, tulia, tazama sindano. Kopo zima linashika. Mvuto ukiporomoka upande mmoja, na ukisikia filimbi nyembamba pale fimbo inapotokea, ni sili ya fimbo, yaani mpira unaozuia hewa isipite kando yake. Hapa kwetu sili hiyo hufa kabla ya ngozi ya ndani, na sababu iko chini ya matairi: tangu Mei hadi Septemba vumbi jekundu linakaa kwenye fimbo, na kila taa inapopanda na kushuka vumbi hilo linasugua mpira. Nimewahi kushika sili iliyotoka kwenye gari la namna hii. Upande wa ndani ulikuwa umelika na kuwa mwembamba kama karatasi, na vidole vilibaki na rangi ya barabara ya Kipushi.

Corvette za 1968 hadi 1972 zina mzigo wa ziada. Waipa zake zimefichwa chini ya kifuniko kinachoinuliwa na vakyumu hiyohiyo. Kifuniko kikivuja, taa ndizo zinazolalamika. Ziba tawi la waipa kwa muda, jaribu taa tena, ndipo uzilaumu.

Njia ya kwanza: kurudisha vakyumu

Faida yake kubwa kwetu ni kwamba karibu kila kitu kinatibika kidogo-kidogo. Valvu ya njia moja ya servo ya breki kutoka kwenye Toyota ya kawaida inafanya kazi ileile na inapatikana kwa wauza vipuri vya mitumba, mradi uangalie mshale wa upande wa kuvuta na unene wa midomo yake. Mipira mnene ya vakyumu inauzwa kwa mita. Sili, ngozi, rele na makopo mapya kabisa bado vinauzwa Marekani kwa ajili ya magari haya, na furushi la mipira ni jepesi. Mtu anayesafiri anaweza kukubebea kwenye sanduku lake.

Unachopaswa kukataa ni mpira wa maji ya waipa na ule wa plastiki angavu. Siku ya kwanza vinafanya kazi. Injini ikichemka vinalegea, mvuto unavibana kuta zikagusana, na taa inakwama bila tundu lolote kuonekana. Mpira wa vakyumu una ukuta mnene kwa sababu hiyo.

Kwenye mji wa shaba hakosekani fundi atakayependekeza bomba la shaba badala ya mpira. Kwa kipande kirefu kilichonyooka na kufungwa vizuri kwenye chesisi, sina pingamizi. Kisivuke kamwe kutoka kwenye injini kwenda kwenye bodi: shaba ikitikiswa muda mrefu inakuwa ngumu na kupasuka, na ufa wake ni mwembamba usioonekana.

Tengeneza pia viungo vya chuma. Ukizima injini na kuinua taa kwa mkono, inatakiwa kwenda bila kukwaruza. Bushi zilizokauka zinaifanya vakyumu nzima ionekane dhaifu, na kwa mvuto wetu wa inchi 14 au 15 hatuna nguvu ya ziada ya kupoteza kwenye msuguano. Safisha, paka grisi, kisha ndipo uhukumu.

Hasara ipo. Mfumo una viungio vingi vya mpira, vyote vya umri mmoja. Ukibadilisha mpira mmoja na kuiacha tisa ya zamani, utarudi chini ya boneti mwezi unaofuata. Ni kama kunywa soda kwa mrija uliotoboka mara kadhaa: kuziba tundu moja hakukupi kinywaji. Badilisha mipira yote kwa mkupuo mmoja, ukifuata mchoro na mistari ya rangi ya kiwanda, na usichomoe wa pili kabla ya wa kwanza kuingia mahali pake.

Njia ya pili: pampu ya umeme ya vakyumu

Hii inafaa kwa hali moja tu. Kama injini yako imewekewa kamshafti (mhimili unaofungua valvu za injini) kali ya mashindano, mvuto wake bila kukanyagwa ni mdogo hata pwani. Hapa kwenye mita 1,200 unakuwa hautoshi kuinua chochote. Pampu ndogo ya volti 12, yenye swichi ya kuikata mvuto ukifika kiwango, inalijaza tangi bila kuitegemea injini, na mfumo wa asili unabaki ulivyo.

Kwa injini ya kawaida siipendekezi. Pampu haiponyi uvujaji, inauficha. Utaisikia ikiwaka kila mara barabarani, na siku itakapoungua utakuwa na uvujaji uleule pamoja na pampu iliyokufa.

Njia ya tatu: mota za umeme

Kiwanda chenyewe kilizunguka hapa. Corvette ya 1963 hadi 1967 ilikuwa na mota, ya 1968 ikaingia kwenye vakyumu, ya 1984 ikarudi kwenye mota na kubaki nazo hadi taa za kuinuka zilipokoma 2004. Kwa hiyo anayeweka mota haliharibu gari kwa wazo la kigeni, na anachopata ni kweli: taa zinapanda pamoja, kwa sekunde chache, injini ikiwa imezimwa au imekanyagwa hadi mwisho. Mipira yote inaondoka.

Lakini tazama kinachokuja badala yake. Bodi ya Corvette ni ya faibaglasi, na ya Elan vilevile. Faibaglasi haipitishi umeme. Kwenye Toyota fundi anafunga waya wa enthi, ule wa kurudisha umeme, kwenye bodi popote na mambo yanakwenda. Hapa kila mota inahitaji waya wake wa enthi hadi kwenye chesisi, mnene na uliokwanguliwa rangi chini ya bolti. Fundi umeme mzuri asiyezoea faibaglasi atakuachia taa zinazofanya kazi mchana na kukataa usiku, wakati balbu na mota zinapogombania enthi moja mbovu. Mwambie kabla hajakata waya wowote.

Mota nazo zina kifo chao. Corvette za 1997 hadi 2004 zinajulikana kwa gia za plastiki zinazolika meno, mota ikabaki inanguruma bila taa kusogea. Na mota ikifa hapa Lubumbashi, huna cha kuchukua dukani, unasubiri mzigo. Kwa sababu hiyo, ukinunua seti ya mota, dai iwe na kirungu cha kuzungusha kwa mkono. Mazda MX-5 ya 1989 hadi 1997 inacho, kimefichwa chini ya kofia ya mpira juu ya kila mota. Seti isiyonacho usiinunue, kwa bei yoyote.

Wapo wanaofikiria kutumia mota za MX-5 zenyewe, za mitumba. Inawezekana, lakini mota ile inazungusha mkono wake nusu duara kwa kila amri, na inahitaji kusimamishwa na swichi zake mahali hasa. Kuitengenezea viungo vipya kwenye Corvette ni kazi ya mtu wa mashine za kukereza, si ya alasiri moja chini ya mwembe.

Kuna hoja moja ya kuondoa mezani. Watu wanasema vakyumu ni bora kwa sababu haihitaji batri. Taa iliyoinuka bila umeme haimuliki kitu, kwa hiyo batri mbovu inaziua zote sawasawa. Tofauti ya kweli iko kwenye waya: vakyumu haiongezi waya mpya hata mmoja kwenye gari la miaka hamsini.

Njia ya nne: kuzifunga juu

Ni ya bure, na kama hatua ya muda ni ya busara. Usiku usiotarajiwa, inua taa kwa mkono hadi kiungo kijifunge, kisha kifunge kwa waya mgumu ili mashimo yasiishushe. Usifunge mpira wala fimbo ya kopo, funga chuma kwa chuma. Gari litasafiri salama hadi utakapopata vipuri.

Kwa kudumu, hapana. Sura ya gari lile iko kwenye pua yake iliyolala, na viungo visivyosogea vinaganda. Mbaya zaidi ni wale wanaozifunga chini na kuning'iniza taa ndogo za ziada kwenye bampa. Barabara ya Likasi usiku ina malori ya madini, baiskeli za mkaa zisizo na taa na watu wanaotembea pembeni. Hapo unahitaji mwanga kamili wa taa zako zote.

Basi uchague ipi

Injini ya asili, gari la Jumapili na la harusi, safari za ndani ya mji: vakyumu, mipira yote mipya, sili mpya za fimbo, valvu mpya. Ukiwa unafikiria kuliuza siku moja, jibu ni hilohilo kwa nguvu zaidi, kwa kuwa mnunuzi anayeijua Corvette atafungua boneti na kuitafuta mipira yenye mistari.

Unasafiri usiku mara kwa mara kwenda Likasi au Kasumbalesa, una fundi umeme unayemwamini na mtu wa kukuletea vipuri: mota zina maana, na sitakubishia. Injini yenye kamshafti kali: mota au pampu, na kati ya hizo mbili ningechukua mota, maana ukishaingiza umeme kwenye kazi hii ni afadhali uuingize mara moja. Mwenye Elan yenye chesisi iliyotoboka, ambaye hana mpango wa kuibadilisha sasa, aweke tangi dogo la pembeni na kuliacha la chesisi.

Waliopo Goma na Bukavu wahesabu tofauti kidogo. Huko ni karibu mita 1,500, kwa hiyo toa inchi nyingine moja: injini nzima itasoma 12 hadi 16. Bukavu kuna jambo la pili, milima yenyewe. Ukikanyaga mafuta kwa muda mrefu ukipanda, kipepeo cha kabureta kinafunguka na mvuto kwenye manifoldi unakaribia sifuri. Ukiwasha taa katikati ya mlima, kinachoziinua ni akiba ya tangi peke yake. Kwa gari la Bukavu ningeongeza tangi la pili baada ya valvu ya njia moja hata kama hakuna kinachovuja, na ningeibadilisha valvu hiyo kabla haijaanza kusumbua. Ukiona giza linaingia, washa taa ukiwa bado bondeni.